Jibu la Nne

Jumatatu, 1 Septemba 2025, Ganshoren

Leo imetimia miaka tisa na miezi mitano tangu nitoke Butembo. Sikukusudia kuhesabu. Daktari ndiye aliyeuliza niko Brussels tangu lini, kisha akauliza napiga magoti saa ngapi kwa siku. Nikamwambia saa saba, siku nyingine nane. Kazi yangu ni kupanga mawe ya barabara, yale madogo ya mraba, moja moja, kwa nyundo ya mpira, na hakuna anayeipanga barabara akiwa amesimama. Akasema niandike kila siku magoti yakoje, mpaka tutakapoonana tena Desemba.

Nimenunua daftari. Nilisoma mpaka darasa la tano, kwa hiyo daktari asitegemee mengi. Nitaandika kwa Kiswahili, halafu nitamsomea magoti tu.

Magoti: mabaya. La kushoto zaidi.

Jumanne, 2 Septemba

Kazi. Magoti: vilevile.

Ijumaa, 5 Septemba

Wiki nzima kwenye barabara ileile, nyuma ya kanisa. Arnaud, kapita wetu, msimamizi wa kazi, alitufanya tung'oe mistari mitatu tuipange upya kwa sababu maji hayakuwa yanateremka. Alikuwa na haki. Magoti: la kulia afadhali, la kushoto hapana.

Joël amenikuta naandika. Joël ndiye ninayekaa naye, fundi wa rangi, mtu wa Lubumbashi, na kila kitu kwake ni kichekesho.

"Mukubwa, unaandika testament?"

"Si wosia. Naandika magoti."

"Alors andika na yangu. Yangu iko na histoire ya mingi."

Jumanne, 9 Septemba

Jioni darasa la Kifaransa. Mwalimu Darlène anataka kila mtu asome kitu kila siku, hata karatasi ya dawa. Wakati wa mapumziko Aziza alikuwa anacheka peke yake na simu. Aziza ni mtu wa Bukavu, anasuka nywele Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, na darasani tunakaa meza moja.

"Soma hii, Papa Anaclet. Mwalimu hangoji, hii inangoja."

Ni mchezo, lakini hauna bunduki wala mpira. Ni picha, na chini ya picha kuna maneno ya Kifaransa. Hayaendi mbele mpaka ubonyeze. Hadithi ni ya Japani ya zamani sana, wakati wanaume walitembea na panga mbili kiunoni. Wewe mchezaji ni msichana, jina lake Osayo, binti wa mtengeneza karatasi. Baba yake ameitwa na bwana mkubwa kwenda kutumika mji mkuu, na anatuma barua. Wanaume wawili wanamtaka Osayo: Kurematsu, mwenye panga mbili na nyumba kubwa, na Tokubei, anayetengeneza miavuli. Kila baada ya muda mchezo unakuuliza Osayo ajibu nini, unakupa majibu matatu, unachagua moja. Hadithi inageuka kufuatana na ulichochagua.

Nikamwambia Aziza hayo ni mambo ya wasichana.

"Na Kifaransa chako ni cha wanaume?" akasema.

Amenisaidia kuuingiza kwenye simu yangu. Magoti: sikuyafikiria.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Arnaud ametuma neno moja: intempéries. Maana yake mvua imeshinda kazi, kila mtu abaki kwake. Joël yeye hupaka rangi ndani ya nyumba, ameondoka akinitukana.

Nilicheza tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Napenda kwamba hakuna anayenikimbiza. Neno nisilolijua nalitafuta, narudi, Osayo bado yuko palepale. Jambo moja limenishangaza. Osayo akisema, maneno yake ni meusi. Chini yake mara nyingine kuna maneno ya kijivu, na hayo ni yale anayoyawaza bila kuyasema. Shangazi anamuuliza, "Umeshiba?" Meusi: ndiyo, asante. Kijivu: njaa inaniuma. Mtu mwingine katika hadithi hayaoni. Wewe tu unayaona.

Kitu kingine: wote wanakaa kwa magoti, juu ya mikeka, kutwa. Baba, mama, bwana mkubwa. Hakuna hata mmoja anayelalamika.

Jumatano, 17 Septemba

Kazi. Magoti: mabaya.

Alhamisi, 18 Septemba

Mvua. Nimemaliza mchezo! Ilikuja barua ya baba, ikimwambia Osayo aolewe na Kurematsu, na mimi nikachagua "Nitatii." Sasa Osayo yuko katika nyumba kubwa, ana watumishi, amevaa hariri, anatazama theluji ikianguka uani. Likaja neno FIN, mwisho. Nimefurahi kama mtu aliyepita mtihani.

Jumanne, 23 Septemba

Nimemwonyesha Aziza ile picha ya mwisho. Akashika kichwa.

"Papa Anaclet, hujashinda. Ulishindwa. Hii ni mwisho mubaya."

"Ubaya uko wapi? Nyumba ile umeiona?"

"Aliketi peke yake! Na bwana hayuko kwa picha! Na theluji, hawawekaki theluji bure."

Nilidhani theluji ni kwa sababu ya majira. Akaniambia nianze tena. Magoti: vilevile.

Jumapili, 28 Septemba

Baada ya ibada kaka yangu Éliézer alipiga simu kutoka Butembo. Yeye ndiye mkubwa wetu. Binti yangu Kahambu anakaa kwake tangu mama yake afe, mwaka 2019. Mimi wakati ule sikuwa na karatasi za kutoka na kurudi, nilizikiwa mke nikiwa huku Brussels, Molenbeek, nikibeba mifuko ya saruji. Kahambu alikuwa na miaka kumi na mitano. Sasa ana ishirini na mmoja, anasoma uuguzi, mwaka wa pili.

"Anaclet, batu balikuya," akasema Éliézer. "Ba kwa Ghislain. Unamujua babake, ule wa mbao. Kijana iko na camion mbili, zinafanya njia ya Kasindi, ku mupaka. Balileta kinywaji."

"Kijana mwenye malori ana miaka mingapi?"

"Trente-sept. Ni mutu mwenye kuikala, ametulia. Anasali."

Kinywaji cha posa ni kreti mbili za soda na moja ya bia. Kwetu kinywaji hicho hakifunguliwi hivihivi. Siku ya kukutana, wazee huketi, binti huulizwa mbele ya watu: "Tunywe?" Akisema tunywe, ndipo chupa zinafunguliwa, na baada ya hapo ni mbuzi wa mahari tu. Lakini hata kabla ya kumuuliza binti, baba lazima awe ameruhusu aulizwe. Kreti ziko sebuleni kwa Éliézer zinanisubiri mimi.

"Watoto wanaziangalia kama televisheni," akasema. "Fanya mbio."

Jumatatu, 29 Septemba

Kazi. Wakati wa kula nilimpigia Kahambu. Nikamuuliza habari ya masomo, akasema ni nzuri. Nikamuuliza habari ya watu waliokuja.

"Ni vile Papa anasema," akajibu.

Nikasema vizuri. Simu haikuchukua dakika tatu. Magoti: mabaya.

Ijumaa, 3 Oktoba

Mvua. Joël naye hana kazi. Nimemweleza habari ya Ghislain.

"Camion mbili?" akasema. "Mukubwa, ule mutoto akikataa, mimi minaolewa."

Nadhani nitakubali. Miaka thelathini na saba si mzee. Nimemwandikia Éliézer: naambiwa Kahambu yuko sawa, naambiwa amekubali, basi tutafute tarehe.

Jumanne, 7 Oktoba

Kazi. Magoti: la kushoto limevimba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemaliza mchezo mara ya nne. Theluji tena. Nimebadilisha kila kitu: shairi la Kurematsu nimelisifu, nimelikataa, mwavuli wa Tokubei nimeupokea, nimeurudisha. Mwisho wake Osayo yuleyule, uani kulekule.

Nilipita Matonge kununua unga wa muhogo na nikaingia pale anaposukia Aziza. Alikuwa na kichwa cha mteja mikononi, akaniambia nisome kwa sauti majibu niliyochagua, na mteja naye akasikiliza. Nikasoma. Barua ya kwanza ya baba: nitatii. Ya pili: nitatii. Ya tatu: nitatii.

"Lakini papa, mbona kila mara unatii?" akauliza Aziza.

"Baba ameandika."

"Haukuitwa kucheza baba. Unacheza mutoto."

Mteja akacheka mpaka nywele zikamtoka Aziza mkononi. Nikasema msichana wa watu hakatai barua ya baba yake. Aziza hakucheka. Akasema: "Mimi nilikataa. Ndiyo maana niko hapa nasuka." Akaendelea na kazi. Nikachukua unga wangu nikaondoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Kazi. Éliézer anasema tarehe ni 13 Desemba. Magoti: vilevile.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua. Hakuna darasa, ni likizo yao ya vuli.

Nilikuwa na siku mbili nzima, kwa hiyo nikarudi mwanzo wa mchezo na kuzisoma barua za baba polepole, kila neno kwenye kamusi. Zamani nilikuwa naziruka nikatafute mahali pa kuchagua. Ni barua fupi. Anauliza karatasi zimekauka vipi, maji ya mto yakoje. Halafu: "Naambiwa hujambo. Naambiwa umekuwa mzuri wa kutazama. Naambiwa umekubali." Miaka saba hajamwona. Hajui hata urefu wake.

Chini ya barua Osayo anasema kwa meusi: "Ni kama baba apendavyo."

Kijivu: "Angejua sauti yangu akiisikia?"

Niliweka simu mezani nikaenda kuosha vyombo vya Joël, ambavyo si zamu yangu.

Nimefikiria jambo moja tu leo. Kahambu aliniambia maneno meusi. Ya kijivu simu haiyaonyeshi.

Magoti: sikuyasikia, sikufanya kazi.

Jumatano, 22 Oktoba

Kazi. Mawe yameloa, yanateleza mkononi.

Jumapili, 26 Oktoba

Sijui kuuliza. Hilo ndilo tatizo, niliandike wazi. Nikimpigia Kahambu nauliza masomo, nauliza afya, nauliza mvua, kama mtu anayejaza karatasi za komini, ofisi ya serikali ya mtaa. Na yeye anajibu kama karatasi. Nilimwacha na miaka kumi na miwili, na tangu wakati huo namlea kwa kutuma.

Kwa hiyo leo nimemwandikia ujumbe kwa namna ya mchezo. Nimeufanyia kazi tangu kutoka kanisani mpaka saa kumi:

"Kahambu, kuhusu Ghislain, chagua namba. 1: Nakubali, mwezi wa kumi na mbili. 2: Nakubali, lakini nimalize masomo kwanza. 3: Nakubali kwa sababu Papa na Papa Éliézer wanataka. Usiogope. Baba yako."

Nimeutuma. Alama mbili zimegeuka bluu palepale. Ameusoma.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hajajibu. Kazi.

Jumanne, 28 Oktoba

Hajajibu. Mvua ya asubuhi tu, tulianza saa nne.

Alhamisi, 30 Oktoba

Hajajibu. Nimempa Aziza ausome, kwa sababu tulikutana Porte de Namur akitoka kazini. Alisoma akiwa amesimama kwenye ngazi za metro, watu wakimpita huku na huku.

"Papa Anaclet."

"Eh."

"Hii yote tatu inaingia mu nyumba moja."

Nikasoma tena. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeandika "nakubali" mara tatu na nikadhani nimempa nafasi ya kuchagua. Nikamwambia Aziza sikuona. Akasema, "Najua haukuona. Hata yangu hakuona." Alikuwa anasema baba yake. Halafu akaniuliza magoti, nikamwambia.

Jumamosi, 1 Novemba

Saa tano asubuhi Kahambu amejibu. Ujumbe wake wote ni tarakimu moja: 4.

Jumapili, 2 Novemba

Jana sikuandika zaidi. Nilitazama ile 4 kwa muda mrefu. Joël alikuja kuitazama pia.

"Quatre haiko," akasema. "Mutoto hajui kuhesabu ao anajua sana."

Leo nikapiga simu. Alikuwa nje, nikasikia pikipiki zinapita. Nitaandika yote, kwa sababu ni mara ya kwanza tumezungumza zaidi ya robo saa.

"Kahambu, namba nne sikuiandika."

"Ndiyo, Papa."

"Basi ni nini?"

"Nne ni: Papa akuye kwanza."

Nikamwambia hajui maisha ya huku. Nikamweleza kazi, magoti, njia ya Goma iliyofungwa na vita, kwamba mtu lazima apite Uganda. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza. Halafu akasema, pole pole, bila kulia:

"Papa, mama alikufa, ukatupigia telefone. Nikapata diplome, ukapiga telefone. Nilipougua typhoïde, ukapiga telefone, na Papa Éliézer akaiweka ku sikio yangu. Sikatai, ulipiga. Lakini hii ya kusema tunywe ao tusinywe, siisemi mu telefone. Utakuya, utaikala, utaniuliza na mimi nikikuona."

"Kuna mtu mwingine?"

"Nimesema nitajibu ukiwa hapa."

"Ghislain ni mtu mbaya?"

"Sijasema mubaya."

"Sasa unataka nini?"

"Papa, si nimeshajibu? Ni quatre."

Nikamwambia kwamba nikichelewa, watu wa Ghislain wanaweza kuondoka. Labda yeye mwenyewe anamtaka, na ataikosa nyumba kwa sababu yangu. Akasema: "Basi usichelewe." Pikipiki ikapiga honi, akaniambia anaingia kwenye mazoezi hospitalini, akakata.

Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani. Inafanana na ya mama yangu.

Magoti: mabaya.

Jumatatu, 3 Novemba

Kazi. Sikumpigia Éliézer.

Jumanne, 4 Novemba

Kazi. Sikumpigia Éliézer.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua kubwa. Nilimpigia Éliézer, nikamwambia tarehe 13 isimame kwanza, isogezwe. Nataka kuwapo.

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Miaka tisa," akasema. "Leo njo unakuwa baba?"

"Yaya, kaka yangu, sijasema wewe si baba."

"Nani alimupeleka ku hôpital? Nani alikataa batu watatu mbele ya huyu? Walikuya watatu, Anaclet, walevi, sikukuambia hata. Huyu ni muzuri, nimemutafuta mu familia yao mpaka kwa nyanya. Na wewe unaniambia simama, sababu umetazama nini? Sinema?"

Nilikuwa nimekosea, nilimtajia ule mchezo.

"Mtoto mwenyewe ameomba nije."

"Alikuomba wewe?"

"Ndiyo."

"Mimi hajaniambia kitu." Hapo sauti yake ikabadilika. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Amemlea miaka sita, na neno hilo hakulipewa yeye. "Anaikala kwangu, anakula kwangu, hajaniambia."

Alikuwa amefanya kazi yangu, na ameifanya vizuri, na mimi ndiye niliyeombwa nije. Mwishoni akasema watu wa Ghislain hawatangoja mwaka mpya. Wanayo nyumba nyingine yenye binti wanayoiangalia, kule Kanyabayonga. Atawaomba mpaka siku mbili kabla ya Noeli. Baada ya hapo kreti zinarudi kwao, na aibu ni yake, si yangu, kwa sababu mimi siko pale kuonekana.

"Na ukisema unakuya usikuye," akaongeza, "usinipigie tena."

Jumanne, 11 Novemba

Sikukuu. Nimelala.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimemwomba Arnaud likizo. Chantier yetu ya barabara inafungwa wiki mbili za Noeli kila mwaka, lakini nahitaji wiki moja mbele yake na moja nyuma. Akauliza kama ni msiba. Nikasema hapana, ni binti. Akakuna kichwa chini ya kofia. Amenipa ya mbele. Ya nyuma hawezi kuniahidi. Barabara ya Januari ina tarehe yake, na nisipokuwapo ataweka mtu mwingine mahali pangu, na mtu huyo akiwa na magoti mazuri nitajijua. Hakusema kwa ubaya. Ni kweli.

Magoti: la kushoto limevimba tena.

Jumatatu, 17 Novemba

Kazi. Baridi.

Jumatano, 19 Novemba

Theluji kidogo asubuhi, haikukaa. Joël alifungua dirisha akaniita: "Mukubwa! Mwisho mubaya imefika!" Hata yeye sasa anaujua mchezo.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefungua mchezo baada ya mwezi. Osayo yuko kwenye barua ya tatu, ameshika brashi ya wino, majibu matatu chini yake. Safari hii nikachagua "Sitatii." Hadithi ikaenda kwa Tokubei. Maua yakachanua, kuna daraja, kuna mvua, wako chini ya mwavuli mmoja, muziki mzuri. Aziza anasema huo ndio mwisho mwema. Sawa. Lakini baba hakuja hata huko. Nilibonyeza mpaka mwisho, nikaangalia na orodha ya majina ya waliotengeneza. Hakuja. Hakuna mahali katika mchezo mzima ambapo unaweza kumwita.

Labda waliona haipendezi, mzee mmoja anaingia katikati ya mapenzi. Nimeufuta kwenye simu. Nilihitaji nafasi ya tiketi na karatasi za safari, na tena Kifaransa changu kimetosha kumsomea daktari.

Jumanne, 25 Novemba

Tiketi nimeshika. Brussels, Entebbe. Kutoka hapo ni basi mpaka mpakani Kasindi, kisha gari mpaka Beni, kisha Butembo. Darasani nilimwambia Darlène sitakuwapo. Akauliza kwa nini, nikajibu kwa Kifaransa sentensi nne bila kusimama, darasa likapiga makofi. Aziza hakupiga makofi, alikuwa anaangalia dirishani. Alipotoka akaniambia:

"Papa Anaclet, akisema hapana, usimufanyie sura mbaya mbele ya batu."

"Na akisema ndiyo?"

"Pia usimufanyie sura mbaya."

Jumatatu, 1 Desemba

Kazi. Magoti: vilevile.

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Nilikaa nikajaribu kufikiri ninachotaka ajibu. Nataka Ghislain? Ni mtu wa kazi, Éliézer ameapa. Nataka amalize uuguzi? Ndiyo. Nataka aniambie kuna mtu mwingine ambaye simjui? Sitaki, lakini ni afadhali kuliko "ni vile Papa anasema." Nilipofika hapo nikaacha. Kuna jambo linaloniogopesha zaidi: kwamba nitaingia uani pale, na itabidi mtu anionyeshe yupi ni yeye. Nina picha zake, lakini picha wanazipaka rangi.

Jumatano, 10 Desemba

Daktari. Nilimsomea magoti yote tangu Septemba, siku baada ya siku. Alicheka kidogo mahali pa "sikuyafikiria." Akasema la kushoto linahitaji kupasuliwa mwaka ujao, na baada ya hapo nitafute kazi ya kusimama. Akauliza mbona kurasa nyingine ni ndefu hivyo na nimemsomea neno moja tu. Nikasema kulikuwa na mvua.

Jumapili, 14 Desemba

Éliézer amepiga mwenyewe. Jana, tarehe 13, watu wa Ghislain walipita kusalimia. Akawaambia baba mwenyewe yuko njiani. Akaniuliza kama ni kweli nakuja. Nikamtumia picha ya tiketi na ya begi. Akasema begi ni dogo. Nikasema nguo ni chache, lingine ni shuka za Kahambu na viatu vyeupe vya kazi, namba ya mguu aliniandikia Aziza baada ya kumuuliza Kahambu mwenyewe kwa simu yangu. Éliézer akacheka, mara ya kwanza tangu Oktoba.

"Kahambu anakusafishia chumba," akasema. "Hajasema kitu. Anasafisha tu."

Kuhusu jibu, hajui. Mimi pia sijui. Chupa bado zimefungwa.

Jumanne, 16 Desemba

Nimerudisha vifaa kwa Arnaud. Joël atakaa na funguo. Amesema nikirudi na mbuzi ataipikia Brussels nzima; nikamwambia mbuzi hawapandi ndege, na tena huenda wasiwepo.

Nimemwandikia Kahambu ujumbe, safari hii bila namba. Ameusoma mara moja. Nauandika hapa kama nilivyoutuma:

"Natoka Brussels kesho Jumatano. Alhamisi Entebbe. Ijumaa nalala Kasindi. Nitafika Butembo Jumamosi, tarehe 20 Desemba, mchana. Kama barabara ya Beni imefungwa, basi ni Jumapili tarehe 21, baada ya ibada. Sitachelewa zaidi ya hapo."